Themanini na Nane Zilizobaki

Nzuki alizikwa Kabati, kule Kitui, siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi mkewe Mwongeli alikuwa tayari kibandani kwake Soko la Toi, nyuma ya cherehani, akikunja pindo za suruali za watu. Wapita njia waligeuza shingo. Mjane wa siku tatu? Mwongeli hakuona ajabu. Suruali zililetwa kabla ya msiba, na wenyewe walikuwa wakizingoja.

Hakuwa amelia. Hakulia hospitalini, pale daktari alipomwita kando, siku ya tatu baada ya Nzuki kuanguka kwenye ngazi akifunga tangi la maji. Hakulia kaburini pia, na wanawake wa Kabati walimtazama wakanong'onezana. Yeye mwenyewe alikingoja kilio kama watu wa Kibera wanavyongoja maji ya mfereji: ndoo iko chini, koki iko wazi, na koki inakohoa hewa tupu.

Jirani yake wa kibanda alikuwa Jentrix, muuza viatu vya watoto, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri. Mchana walikuwa wakila pamoja. Alhamisi ya wiki ile Jentrix alichota githeri ya Mwongeli kijiko kimoja, akatafuna, akaacha.

"Mama Syombua, hii kitu haina chumvi."

Mwongeli akaonja. Kweli haikuwa nayo. Ni sufuria aliyokuwa amepika Jumanne, akaila Jumanne, akaila Jumatano, na ulimi haukumwambia lolote.

"Basi weka," alisema, akarudi kwa cherehani.

Wiki ya pili akaja Boaz, aliyekuwa akifanya kazi ya mabomba na Nzuki. Aliuliza kwa aibu kama angeweza kuazima spana kubwa. Mwongeli alimpeleka nyumbani Makina, akavuta mfuko wa vyombo chini ya kitanda, akaumwaga sakafuni. Zikatoka spana, msumeno wa chuma, vipande vya bomba, na daftari la miraba lililofungwa ndani ya karatasi ya nailoni ili lisilowe. Boaz alichukua spana yake akaenda. Mwongeli akabaki na daftari.

Alijua ni la nini, kwa juu juu tu. Kila Jumapili baada ya kanisa Nzuki alikuwa akienda Kawangware kwa mzee mmoja anayeitwa Mwalimu Mbuthia. Walijuana siku Nzuki alipokwenda kuziba tangi la ploti ya mzee. Mwongeli alipomuuliza wanafanya nini huko hadi jioni, Nzuki alicheka: "Tunavunja namba." Yeye akadhani ni jina la mchezo, kama drafti.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba moja tu, imeandikwa kwa tarakimu kubwa: 1005973. Milioni moja, elfu tano, mia tisa sabini na tatu. Chini yake mwandiko wa Nzuki ulianza kushuka, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa 7, inabaki 3. Kwa 11, inabaki 1. Kwa 13, inabaki 7. Kila mgawanyo ulifanywa wote, hatua kwa hatua, na baki limezungushiwa duara. Wa mwisho ulikuwa 409: inabaki 242. Chini ya hapo aliandika 419, akapiga mstari, na chini ya mstari hakukuwa na kitu.

Alimpigia bintiye Syombua, aliyekuwa chuoni Machakos, akamweleza alichokiona.

"Aah, hiyo ni kutafuta factors, namba zinazoigawa, Mama. Nisomee namba niiweke kwa simu. Ni sekunde tu."

"Usiiweke."

"Lakini si utajua jibu?"

"Simu haikuianza hii kazi," Mwongeli alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Syombua akauliza kama amekula.

Jumapili akaenda Kawangware. Ploti ya Mbuthia ilikuwa nyuma ya stendi ya matatu za 46, vyumba kumi na viwili vya kukodisha vimezunguka ua, na katikati nyumba ya mawe ya wakati mahali hapo palipokuwa shamba la baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani, miguu imevimba, ameiweka juu ya stuli. Alikuwa amefundisha hesabu shule za sekondari miaka thelathini na minne. Watoto wake walikuwa ng'ambo, na mkewe Waithira alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita.

"Karibu, mama. Nisamehe sikufika Kitui. Hii miguu..."

"Haidhuru, Mwalimu."

Alimpa daftari. Mbuthia akalishika kwa mikono yote miwili, hakulifungua. Kisha akalifungua, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho.

"Mia nne na tisa," alisema. "Tulifika hapo, halafu Jumapili iliyofuata nikasikia habari."

"Mlikuwa mnatafuta nini?"

Mzee akamweleza taratibu, kama mtu aliyezoea vichwa vya kila namna. Kila namba nzima, alisema, ama inavunjika ama haivunjiki. Kumi na tano inavunjika: tatu mara tano. Kumi na saba haivunjiki. Hakuna wa kuigawa ila moja na yenyewe. "Vitabu vya Kiswahili vinaiita namba tasa."

"Tasa? Kama mwanamke?"

"Ndilo neno lao, mama. Si langu." Akakohoa. "Sasa hii yetu ni kubwa. Ukiitazama hujui. Inaishia na tatu, basi mbili haiigawi, wala tano. Jumlisha tarakimu zake, unapata ishirini na tano. Basi tatu haiigawi. Baada ya hapo hakuna la mkato, unajaribu moja moja. Lakini hujaribu kila namba. Unajaribu zile tasa tu, maana ikiwa saba imeshindwa, kumi na nne itaweza wapi?"

"Na unaendelea mpaka lini?"

Hapo mzee alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nzuki alichukua mwezi mzima kuuliza hilo swali. Ukomo wake ni elfu moja na mbili. Elfu moja na tatu ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yetu. Kwa hivyo kama inavunjika vipande viwili, kimoja lazima kiwe chini ya hapo. Namba tasa za kujaribu ni mia moja sitini na nane. Yeye alizimaliza themanini."

"Zimebaki themanini na nane."

"Zimebaki hizo." Akafunga daftari. "Mimi ndiye niliyempa hiyo namba, mama. Jibu ninalo. Ukitaka, nakuambia sasa hivi upumzike."

"Usiniambie," Mwongeli alisema, akanyoosha mkono apewe daftari. Orodha ya namba tasa ilikuwa nyuma ya jalada, kwa mwandiko wa mzee.

Mwongeli aliacha shule darasa la sita. Kugawanya kwa tarakimu tatu alikuwa amekusahau kama mtu anavyosahau njia ya kijiji alichohama akiwa mtoto. 419 ilimchukua siku mbili. Alifanya mara ya kwanza akapata baki kubwa kuliko namba yenyewe, akajua amekosea. Mara ya pili na ya tatu yakatoka mabaki mawili tofauti. Mara ya nne akapata 373, na ya tano 373 tena, akaiandika daftarini akaizungushia duara kama Nzuki.

Alifanyia kazi kibandani, saa ya chakula. Hesabu za kujaribu alizipiga kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa cheusi, akapata jibu, akapangusa kwa kiganja. Kilichokuwa safi ndicho kilichoingia daftarini. Siku nyingine alimaliza mbili, nyingine tatu. Jioni alifunga kibanda, akapita msikitini Makina, akanunua sukuma, akapika, akalala. Hakuota.

Jentrix alivumilia wiki mbili.

"Sasa wewe, niambie ukweli. Unabet? Unacheza kamari?"

"Hapana."

"Hizi namba zote ni za nini? Mume wangu wa kwanza alianza hivihivi, na karatasi."

"Ni kazi ya Baba Syombua. Alikuwa hajamaliza."

"Kuna mtu anaingoja?"

Mwongeli alifikiri. "Hakuna."

Jentrix akafunga mdomo, jambo lisilo la kawaida, na tangu siku hiyo mteja wa Mwongeli akija saa ya chakula, Jentrix alikuwa akimkalisha kwake na kumwonyesha viatu.

Alipofika katikati, kwenye mia sita, mkono ulikuwa umezoea. Siku moja mvua ikanyesha, wateja hawakuja, naye akamaliza zake tatu mapema. Akarudi nyuma akaanza kukagua za Nzuki, kwa kukosa la kufanya. Zilikuwa sawa. Nzuki alikuwa mtu wa kujisifu kwa hilo: fundi wa mabomba hakosei, akikosea watu wanalowa. Alikuwa akimsahihisha Mwongeli hata chenji ya mboga.

Kwenye 251 alisimama. Nzuki alipata 4007, vizuri. Mara 251, inatoka 1005757. Toa, inabaki... Nzuki aliandika 116, akazungushia duara nzito, ya mtu mwenye uhakika. Mwongeli akatoa mwenyewe. 216. Akatoa tena kwa chaki. 216. Haikudhuru kitu, ilimradi si sufuri, 251 ilikuwa imeshindwa. Lakini alikuwa amekosea. Kutoa tu, kazi ya darasa la tatu, na mwalimu mzima kando yake wala hakuona.

Kicheko kilimtoka kwa pua. "Baba Syombua," alisema kwa sauti, akigeuza kichwa, "kuja uone fundi..."

Nyuma yake palikuwa na turubai na matone ya mvua. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Ng'ambo ya mapazia ya nguo Jentrix alikuwa ameinua macho. Mwongeli alitazama turubai kwa muda, kisha akageuka, akachukua mkasi, akakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Ile 116 hakuisahihisha.

Mia saba zikaisha, mia nane zikaisha. Kufikia mia tisa alikuwa ameshaamua moyoni kwamba namba ile ni tasa. Mabaki hayakuonyesha dalili ya kitu. 971 ikabakisha 17. 977 ikabakisha 640. 983 ikabakisha 364. 991 ikabakisha 108. Ilibaki moja tu kwenye orodha, nayo ni 997. Jumatano alipoifikia alikuwa hata amefikiria ataandika nini chini: *tasa*, na tarehe.

Akaanza kwa mazoea. 997 kwenye 1005 inaingia mara moja, inabaki 8. Akateremsha 9, ikawa 89, haiingii, akaweka sufuri. Akateremsha 7, ikawa 897, haiingii, sufuri nyingine. Akateremsha 3. Elfu nane mia tisa sabini na tatu. Akajaribu mara tisa: tisa saba sitini na tatu, andika tatu, beba sita... 8973.

Aliitazama ile namba juu na ile namba chini. Toa. Sufuri.

Akapangusa kitambaa, akaanza upya. Sufuri. Akageuza njia, akazidisha 997 kwa 1009, mstari kwa mstari, akajumlisha, na chini ikatoka namba ya Nzuki, tarakimu saba, yote ilivyo. Namba mia moja sitini na saba zilikuwa zimeshindwa, na ya mwisho ndiyo iliyoivunja.

Alingoja ahisi kitu. Mwanamke mmoja alikuja na sketi ya shule, akasema zipu imekataa. Mwongeli akabadilisha zipu.

Jumapili alirudi Kawangware. Mbuthia alikuwa pale pale barazani. Msichana wa nyumba akaleta chai. Mwongeli akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho, akaliweka mapajani mwa mzee.

Mzee alisoma, midomo ikicheza. Alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umefika," alisema. "Wiki ngapi?"

"Saba."

"Wiki saba!" Uso wake ulifurahi, halafu furaha ikapungua polepole, na ikabaki haya. Alizungusha kikombe chake. "Mama Syombua, kuna jambo sina budi kukuambia. Hii namba ina njia ya mkato."

Mwongeli akasogea karibu.

"Unakumbuka nilikuambia elfu moja na tatu ukiizidisha kwa yenyewe inaipita? Inaipita kidogo sana. Inaipita kwa thelathini na sita tu. Na thelathini na sita ni sita mara sita." Alichukua kalamu. "Sasa katika aljebra, ukiwa na mraba ukatoa mraba..."

"Ngoja," Mwongeli alisema.

Alichomoa karatasi ya kaki mkobani, ile ya kukatia mitindo, na mkasi wake mdogo. Akakata mraba, ndio elfu moja na tatu kila upande. Kwenye pembe moja akakata kimraba kidogo, ndicho sita kwa sita, akakitupa. Alikiangalia kilichobaki, kama kitambaa chenye pembe iliyokatwa, kama vilivyo vitambaa vyote vinavyoletwa kwake na watu wasiojua kukata. Akafanya ambalo angefanya kibandani. Alikata ule ukanda mwembamba uliobaki kando ya pengo, akaugeuza, akaupachika ubavuni. Ikawa karatasi ndefu ya mstatili, pembe nne sawasawa.

"Upande huu umepungua sita," alisema. "Mia tisa tisini na saba. Upande huu umeongezeka sita. Elfu moja na tisa."

Mbuthia alizitazama zile karatasi. Miaka thelathini na minne darasani, na ilikuwa dhahiri hakuwahi kuliona jambo hilo likikatwa kwa mkasi.

"Ndivyo," alisema hatimaye.

"Kwa hivyo mtu akianzia juu, anamaliza lini?"

"Kabla chai haijapoa."

"Na ulijua."

"Nilizichagua hizo mbili kusudi. Zimekaribiana, na ni za mwisho mwisho. Nilitaka achukue muda." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka. "Mara ya kwanza nilimpa namba ndogo, akaimaliza siku hiyo hiyo, akaaga. Jumapili iliyofuata hakuja. Nilikaa hapa na thermosi ya chai. Alipokuja tena kuangalia tangi, nikampa hii. Angemaliza, angekuja kufanya nini kwangu, mama? Tulifanya mbili, nyingine tukazirudia, tukapiga hadithi. Mbili kila Jumapili, si zaidi. Nilihakikisha."

Mwongeli alipiga hesabu bila chaki. Themanini, mbili mbili.

"Jumapili arobaini," alisema. "Mimi nilikuwa Makina. Nilikuwa napika, halafu nakaa na redio."

"Najua. Sasa najua. Nisamehe."

Katika chumba kimoja cha kukodisha mtu alikuwa akipiga pasi, na harufu ya kitambaa chenye joto ilifika barazani.

"Sina hasira, Mwalimu," Mwongeli alisema, na hakuwa akimficha. "Natafuta hasira, sioni. Sina kitu. Alikuwa akifurahi?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Alikuwa akicheka sana akikosea. Halafu ananiambia nisikuambie."

Mwongeli aliinamisha kichwa. Alikunywa chai yake yote, polepole, kwa sababu ilikuwa imemiminwa. Alipoinuka, Mbuthia alimshika mkono akauliza kama angekuja Jumapili ijayo. Angemwandalia namba nyingine, na safari hii atamfundisha njia zote, za mkato na za mbali, hatamficha.

"Hapana, Mwalimu. Sitakuja," alisema. "Waandikie watoto wako waje. Waambie ni miguu."

Hakusema kwa ukali. Alimwachia zile karatasi za kaki mezani, akachukua daftari, akaenda kwa miguu mpaka Ngong Road na akaendelea kutembea hadi nyumbani, maana hakuwa na haraka ya kufika.

Jumatatu Jentrix alimkuta ameshafungua. "Niaje, mama. Ulienda kwa yule mzee? Alisema nini?"

Mwongeli alifungua mdomo ili aseme "hakuna", kama alivyokuwa akijibu kila kitu tangu Kabati. Badala yake akasema, "Alimdanganya Baba Syombua." Halafu akasema alivyomdanganya. Ikabidi aeleze namba, na namba tasa, na 251 na ile duara nzito, na jinsi Nzuki alivyokuwa akimsahihisha chenji, na siku ya ngazi, na wanawake wa Kabati walivyomtazama. Maneno yalikuja moja moja, kisha mawili mawili. Jentrix alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, chekundu, na hakukiweka chini. Mwongeli alihisi kitu cha moto kikimtiririka mashavuni, akakipangusa kwa kiganja chenye chaki, akaendelea kusema.

"Mama wa viatu," mteja mmoja aliita, "hivi vya namba ishirini na nane unauza ngapi?"

"Ngoja kwanza," Jentrix alisema bila kugeuka. "Huoni tunaongea?"